Harufu ya Maembe Mwezi wa Nane

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kharumwa.

Zamu ya usiku. Bodaboda imeleta bibi na mjukuu wake wa kike, umri kama miaka tisa, kutoka upande wa machimbo. Mama yake mtoto yuko kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe ya machimbo, hajapatikana kwa simu. Nilimwamkia bibi, akaitikia "marahaba, baba" macho yakiwa kwa mtoto. Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko karatasi nyingi za rufaa nilizowahi kupokea: mtoto anakunywa maji hashibi, ameanza tena kukojoa kitandani, nguo zinampwaya, na tangu jana anatapika. Dukani walimpa dawa ya malaria. "Halafu kinywa chake, daktari, kinanukia maembe. Sasa hivi maembe yako wapi?"

Mwezi wa nane huku hakuna embe. Nikainama karibu na uso wake. Harufu tamu, yenye ukali kidogo, ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nesi niliyekuwa naye akainama pia, akasema hasikii kitu. Mtoto anahema kwa kina, kifua kizima kinapanda na kushuka, ila hana kikohozi na mapafu yanasikika safi. Malaria hasi. Glukometa haikutoa namba, iliandika HI, maana yake sukari imepita 33.3, mwisho wa kusoma kwa mashine yetu. Stripu ya mkojo ikageuka zambarau kwenye ketoni. Dripu ya maji ya chumvi kwanza, insulini ikafuata, huku tukitafuta gari la wagonjwa.

Jumanne, 5 Agosti.

Wameondoka alfajiri kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kupitia Busisi. Hadi Juni mwaka huu safari kama hii ingekuwa pia ya kusubiri pantoni. Daraja la pale lilifunguliwa tarehe 19 ya mwezi ule, kama kilomita 3 juu ya maji. Wanaoliona ni la watalii kupigia picha wajaribu kuvuka na mgonjwa.

Kabla gari halijaja bibi aliniuliza kama kuna mtu kamtupia mtoto kitu. Nikamwambia: ghala limejaa mahindi, watoto wanalala njaa, kwa sababu anayelifungua hayupo. Mwisho wanakula mbegu. Akatikisa kichwa: "Ukiona mtu anakula mbegu, yamemfika." Hapo nikajua ameelewa. Insulini ikikosekana, sukari inajaa kwenye damu bila kuingia mwilini panapohitajika, na mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Ini linayageuza kuwa ketoni, ambazo ni asidi. Sehemu ya ketoni hizo inavunjika kuwa asetoni, nayo ni nyepesi, inaruka na kutoka na pumzi. Ndiyo yale maembe.

Na ule uhemaji ni habari nyingine. Mapafu yanajitahidi kupunguza asidi kwa kutoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi. Adolf Kussmaul, daktari Mjerumani, aliueleza mwaka 1874. Wilhelm Petters wa Praha alikwisha kuikuta asetoni kwenye mkojo wa mgonjwa wa kisukari mwaka 1857. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kale kuliko insulini, iliyopatikana Toronto mwaka 1921. Wakati wa Kussmaul daktari aliweza kukinusa kisukari, kukitaja jina, kisha akakaa pembeni kumwangalia mgonjwa akifa.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Nimesafiri. Njiani trafiki wamesimamisha basi, dereva akapuliza kwenye kipima ulevi, salama. Abiria wa nyuma yangu, mchimbaji, akauliza kwa sauti kama kile kidude kinaweza pia kuonyesha ugonjwa. Watu wakacheka, mimi nikatoa daftari.

Kipima ulevi cha kwanza kilichofanya kazi vizuri barabarani alikibuni Robert Borkenstein huko Indiana, Marekani, mwaka 1954. Vingi vya sasa vina kisahani cha platini ndani: pombe ikigusa pale, umeme mdogo unazaliwa, na kadiri pombe ilivyo nyingi ndivyo umeme unavyoongezeka. Asetoni haiamshi kisahani hicho, kwa hiyo yenyewe peke yake haimfanyi mgonjwa wa kisukari aonekane mlevi. Vile vya bei rahisi vyenye chembe nyingine vinaweza kuchanganya.

Basi jibu la mchimbaji ni ndiyo, ila si kwa kidude kile. Mwaka 1971 Linus Pauling alionyesha kwamba pumzi ya mtu ina kemikali zipatazo 250, kila moja kwa kiasi kidogo mno. Wataalamu wa chuo cha ETH Zurich wametengeneza vihisio vidogo vya kunasa asetoni peke yake. Katika nchi nyingine nako wanajaribu vya kwao.

Jumapili, 10 Agosti.

Mzozo mzuri na mwenzangu wa maabara. Yeye anaona siku ikija mashine ya kupuliza tutaachana na kutoboa vidole. Akanitolea mfano wa panya buku wa shirika la APOPO pale chuo kikuu cha SUA, Morogoro, wanaonusa makohozi na kubaini kifua kikuu: sampuli 100 kwa dakika zipatazo 20. Nikamkumbusha kwamba panya akikwaruza, sampuli inarudi maabara kuthibitishwa. Hakuna anayeanzishiwa dawa kwa sababu panya kasema.

Nikampa na mfano wa mgonjwa wa mwezi uliopita, kijana wa mashimo ya machimboni aliyekunywa gongo siku kadhaa bila kula. Alinuka asetoni vilevile, sukari yake ikiwa chini. Yule tungempa insulini kwa kufuata pua tungemuua. Hata mlokole aliyefunga siku tatu kwa maombi anatoa asetoni, na wala haumwi. Upande wa pili, mzee mnene wa kisukari cha ukubwani anaweza kuwa na sukari ya kutisha na pumzi isiyo na harufu yoyote. Hapo ndipo mashine za asetoni zinapokwama kwenye kuchunguza watu wengi: wenye afya na wagonjwa vipimo vyao vinapishana kidogo tu, na njaa inavuruga hesabu.

Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, lakini stripu nazo zikiisha?" Sikuwa na la kujibu.

Jumapili, 17 Agosti.

Mama mmoja analalamika: maziwa mabichi yanamsokota tumbo, mgando anakunywa bila shida. Kwa Wasukuma wafugaji, kukataa maziwa ni karibu na kukataa wageni, anaona aibu. Kwa tatizo hili la maziwa kipimo cha pumzi kina heshima kamili. Sukari ya maziwa isiyosagwa inafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachua, haidrojeni inazaliwa, inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Binadamu hana njia nyingine ya kutengeneza haidrojeni, kwa hiyo ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni unajua. Asetoni ingekuwa hivyo!

Hapa sina mashine hiyo. Nimemwambia, "Mayu, endelea na mgando." Vijidudu vya mgando vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Alhamisi, 28 Agosti.

Mtoto amerudi toka Mwanza, anatembea. Atachoma insulini maisha yake yote. Nyumbani hakuna friji. Bibi ameonyeshwa kuweka chupa ndani ya mtungi mdogo, mtungi ukae kwenye mchanga uliolowa, kivulini. Ameshika somo haraka kuliko mama mtu.

Miaka ya 1980 daktari Donald McLarty na wenzake walipopima vijiji vya Tanzania walikuta kisukari kwa watu wazima kama 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulitoa asilimia 9 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Kisukari cha watoto ni kingine na ni adimu, na uadimu huo ndio unaoua: anayetapika na kulegea huku, kila mtu anaona malaria, na kwa anayehema sana, nimonia.

Nimejaza fomu ya kuomba stripu, nikaandika idadi mara mbili ya kawaida. Mashine ya pumzi ikija nitaipokea. Kwa sasa nimebandika karatasi ukutani, chumba cha wagonjwa wa nje, kwa kalamu nene: MTOTO ANAYETAPIKA, ALIYELEGEA AU ANAYEHEMA KWA NGUVU, MPIME MALARIA NA SUKARI. KIDOLE KIMOJA KINATOSHA VIPIMO VYOTE VIWILI.