Deni la Baba, Nani Atalipa?

Mzazi akifa kwetu Fizi, watu wanauliza mapema: nani atakaa kwenye kiti chake? Swali lingine linachelewa: nani atalipa madeni yake? Ninakuandikia juu ya hilo la pili, sababu mimi ni mtoto wa kwanza na lilinifikia.

Sisi ni watu wa Bibokoboko. Mwezi wa 10 mwaka 2021, vita ilipofika huko juu, tulishuka Baraka kama wengine, na ng'ombe wetu wakanyang'anywa. Mwaka uliofuata baba akafariki. Aliacha parseli ndogo Baraka, mashamba kule mlimani, na kaye moja ya madeni.

Baada ya matanga tulikaa jamaa nzima. Baba mdogo akauliza mbele ya wote: nani anamdai marehemu, na marehemu alimdai nani? Mwenye duka mmoja alidai pesa za chumvi na sukari, kaye ilimkubali. Mwingine, mnunuzi wa dhahabu kutoka Misisi, alidai pesa nyingi bila karatasi wala shahidi. Mama ndiye aliyekumbuka siku baba alipompa ndama wawili kumaliza deni hilo, na jirani aliyekuwepo akathibitisha. Unaona? Kichwa cha mama nacho ni kaye.

Wa tatu alitugawanya. Alikuwa amempa baba ng'ombe mmoja amchungie, naye akaenda pamoja na wetu. Mdogo wangu alisema: tusilipe, vita ndiyo ilikula. Baba mdogo akasema: tulipe, jina la marehemu lisichafuke. Wazee walituonyesha tofauti: pesa uliyokopa ukaitumia ni deni hata ukipata hasara, lakini kitu ulichowekewa, kikichukuliwa kwa nguvu pamoja na vyako, hukukila wewe. Mwenye ng'ombe alikubali, maana hata yeye alikimbia.

Sasa sikia sheria. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kama marehemu hakuacha wasia, mrithi mwenye umri mkubwa ndiye anayesimamia mirathi. Akikataa, warithi wanachagua mwingine. Wanamwita likidateri. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, halafu kugawa. Si kula! Watoto, wavulana na wasichana, wanapata robo tatu kwa mafungu sawa. Robo inayobaki ni ya mjane, na ya wazazi na ndugu wa marehemu. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba.

Kwa hiyo hatukumtoa mama kwenye parseli ili tulipe duka. Tulilipa kidogo kidogo kwa miezi saba, kila mtoto akitoa sehemu yake, hata dada zetu walioolewa, sababu nao ni warithi. Mashamba ya mlimani tumekataa kuyauza kwa bei ya ukimbizi.

Kijana, kama baba yako yuko hai, usingoje matanga. Kaa naye pamoja na mama, muandike: nani anatudai, nani tunamdai, kitu gani cha watu tumewekewa. Wekeni tarehe na majina ya mashahidi wawili. Nawe mzazi, mtoto akikuuliza habari za madeni yako, usidhani anakutakia kifo. Mwonyeshe kaye iko wapi.