Nyumba za Kumbukumbu za Tokyo: Kutoka Mnyoo wa Tumboni Hadi Meli ya Jaani

Mgeni aingiapo Tokyo, mji mkuu wa Japani, kwa kawaida huonyeshwa kasri ya mfalme, mahekalu ya kale, maduka makubwa na treni ziendazo kasi. Mambo hayo yote ni ya kupendeza, na picha zake zimeenea duniani. Lakini mji huo wenye watu wapatao milioni 14 una hazina nyingine ambayo wageni wengi huipita bila kugeuza shingo. Nayo ni nyumba ndogo ndogo za makumbusho, kila moja ikishughulika na jambo moja tu: hii minyoo, ile moto, nyingine chumvi, nyingine fedha, na nyingine meli moja ya mbao.

Nyingi za nyumba hizo hazitozi kiingilio, au hutoza kidogo sana, na wenyeji huwapeleka watoto wao siku za mapumziko. Mtu akizizuru chache kati yake kwa siku mbili tatu, hujifunza juu ya maisha ya Wajapani mambo ambayo kasri na mahekalu hayawezi kumwambia.

MNYOO WA MITA NANE

Katika mtaa wa Meguro, kusini-magharibi mwa mji, pana jengo jembamba la ghorofa kadhaa. Ghorofa mbili za chini ni za maonyesho, na maonyesho hayo ni ya vimelea: wanyama wadogo waishio ndani ya miili ya viumbe wengine na kula jasho lisilo lao. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1953 na daktari Satoru Kamegai. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi ilikuwa imechakaa, vyakula vilikuwa haba na usafi ulikuwa duni. Daktari huyo aliwaona wagonjwa wengi waliojaa minyoo, akakata shauri kukusanya elimu juu ya adui huyo asiyeonekana.

Leo nyumba hiyo ina akiba ya vielelezo wapatao 60,000, na takriban 300 kati yao wamewekwa wazi ndani ya chupa za dawa. Anayewavuta watu zaidi ni tegu mmoja mwenye urefu wa mita 8.8, aliyetolewa tumboni mwa mtu aliyekula samaki asiyepikwa. Pembeni yake umetundikwa utepe wenye urefu ule ule, ili mgeni auvute na kuupima kwa mikono yake. Watoto huuzungusha mwilini huku wakicheka. Wazazi wao hucheka pia, ila kidogo kidogo.

Kicheko hicho kina historia nyuma yake. Katika miaka ya baada ya vita inakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya Wajapani walikuwa na mchango tumboni. Sababu haikuwa ya siri: wakulima walirutubisha mboga kwa kinyesi cha binadamu, nazo mboga hizo zikaliwa bila kupikwa. Silaha iliyotumika kuushinda ugonjwa ilikuwa ya kawaida sana. Watoto walipeleka choo chao shuleni kikapimwe, wenye minyoo wakapewa dawa, vyoo vikajengwa upya, na mbolea ya kiwandani ikachukua nafasi ya ile ya zamani. Kazi hiyo iliendelea mwaka hadi mwaka, hata upimaji wa lazima wa mayai ya minyoo mashuleni ukaondolewa mwishoni mwa mwaka wa masomo wa 2015.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuiona habari hii kuwa ya mbali. Kichocho, ambacho hadi leo kinawasumbua watu kandokando ya Ziwa Victoria, kilikuwapo Japani pia kwa namna yake. Mwaka 1904 mtaalamu Fujiro Katsurada aligundua kimelea chake, na mwaka 1913 Keinosuke Miyairi na mwenzake wakamgundua konokono anayekibeba. Baada ya hapo wananchi waliwaokota konokono, wakawaua kwa dawa, na kujengea mifereji ya mashamba kwa zege ili wakose pa kuzaliana. Mwaka 1996 mkoa wa Yamanashi, uliokuwa ngome ya mwisho ya ugonjwa huo, ulitangaza kuwa umekwisha. Vilevile dawa ya aivamektini, inayogawiwa katika nchi zetu dhidi ya usubi na matende, ilitokana na kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani na mtaalamu Satoshi Omura, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

MJI ULIOZOEA KUUNGUA

Kutoka Meguro mgeni apande treni hadi Yotsuya, kwenye makumbusho ya Idara ya Zimamoto ya Tokyo, yaliyofunguliwa mwaka 1992. Humo mna magari ya zamani ya kuzima moto, pampu ya mvuke iliyovutwa na farasi, na nje, juu ya ghorofa, helikopta ambayo watoto huruhusiwa kuketi ndani yake na kushika usukani.

Kabla ya mwaka 1868 mji huu uliitwa Edo. Katika karne ya kumi na nane ulikuwa tayari na watu wapatao milioni moja, na nyumba zao zilikuwa za mbao na karatasi, zimesongamana kama mahindi gunzini. Mwaka 1657 moto ulizuka ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Waliokufa hukadiriwa kufika 100,000, na mnara mkuu wa ngome ya mtawala uliungua, wala haukujengwa tena hadi leo.

Mwaka 1720 wakazi wa mji waliundiwa vikosi vyao vya zimamoto, na kila kikosi kikawa na mtaa wake na bendera yake. Maji hayakutosha, na pampu za mbao zilikuwa dhaifu. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuzibomoa nyumba zilizo mbele ya moto, ili moto ukose cha kula. Mchukua bendera alipanda juu ya paa na kusimama hapo, akiwaonyesha wenzake kwamba moto utakomea pale. Kama wenzake wangelegea, yeye ndiye angeungua wa kwanza. Makoti yao ya pamba nene, yaliyoloweshwa maji kabla ya kuingia motoni, huhifadhiwa hadi leo. Kwa nje ni ya kawaida, lakini kwa ndani yana picha za mazimwi na mashujaa. Moto ukizimika, wazimamoto waliyageuza makoti, wakarudi mjini wakionyesha upande wa picha.

BUSTANI YA MAJONZI

Si mbali na ukumbi mkuu wa mieleka ya sumo, katika mtaa wa Sumida, ipo bustani ya Yokoamicho yenye jumba la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 1931. Zamani mahali hapo palikuwa na bohari ya mavazi ya jeshi. Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita kasoro dakika mbili mchana, mama wa nyumba wakiwa mekoni, tetemeko kubwa liliupiga mji. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja huo uliokuwa wazi, wakiwa wamebeba magodoro na masanduku yao. Upepo ukauleta moto, mizigo ikashika, na watu wapatao 38,000 wakafia hapo. Katika jumba hilo vimewekwa vyombo vya chuma na vya kioo vilivyoyeyuka kwa joto la siku hiyo.

Ndani ya bustani hiyo pana pia jiwe lililosimamishwa mwaka 1973, nalo linakumbusha aibu kubwa. Baada ya tetemeko, uvumi ulienea kwamba Wakorea waishio mjini walikuwa wakitia sumu visimani na kuchoma nyumba. Uvumi huo ulikuwa uongo. Lakini makundi ya raia wenye silaha, pamoja na baadhi ya askari na polisi, waliwaua Wakorea ambao wanahistoria wengi huwahesabu kwa maelfu. Kwa mtu aliyevaa sare, jiwe hili ndilo somo zito kuliko yote mjini. Tetemeko halikuwa na mtu wa kulaumiwa. Mauaji yalikuwa na watu, na baadhi yao walikuwa wamekula kiapo cha kulinda raia.

POLISI, CHUMVI NA FEDHA

Makumbusho ya polisi yapo Kyobashi, katikati ya mji. Mgeni huelezwa jinsi Toshiyoshi Kawaji alivyotumwa Ulaya mwaka 1872 kuchunguza kazi ya polisi, na jinsi Idara ya Polisi ya Tokyo ilivyoanzishwa mwaka 1874. Zipo sare za nyakati mbalimbali, pikipiki na helikopta ya zamani, na watoto huvalishwa sare za kimo chao na kupigwa picha na wazazi wao. Akitoka nje, mgeni hukuta kilele cha somo hilo barabarani: vile vituo vidogo vya polisi viitwavyo koban, vilivyotapakaa mitaani, ambamo askari huwajua wakazi, huelekeza waliopotea njia, na hupokea pochi zilizookotwa.

Karibu na mnara mrefu uitwao Skytree ipo nyumba ya tumbaku na chumvi. Ilifunguliwa mwaka 1978 katika mtaa wa Shibuya, ikahamia hapo mwaka 2015. Mtu atajiuliza: tumbaku na chumvi zina udugu gani? Jibu ni hazina ya serikali. Japani ilipokuwa ikipigana na Urusi mwaka 1904 na 1905, serikali ilijitwalia biashara yote ya vitu hivyo viwili ili kulipia vita. Ukiritimba wa chumvi ulidumu hadi mwaka 1997. Humo mgeni huonyeshwa pia taabu ya nchi isiyo na chumvi ya mawe: vizazi kwa vizazi wavuvi na wake zao walimwaga maji ya bahari juu ya mchanga, wakaukausha juani, wakauchuja, kisha wakachemsha maji yake makali hadi chumvi ikabaki chunguni.

Na yeyote anayetaka kujua uzito wa utajiri aende kwenye makumbusho ya fedha ya Benki Kuu ya Japani, yaliyofunguliwa mwaka 1985. Huko huruhusiwa kujaribu kuinua uzito ulio sawa na wa noti za yen milioni mia moja. Ni kama kilo kumi, yaani mzigo ambao mama wa kijijini huubeba kila siku bila kusifiwa.

MELI ILIYOOKOLEWA JAANI

Safari hii inafaa imalizikie mashariki mwa mji, mahali paitwapo Yumenoshima, maana yake Kisiwa cha Ndoto. Jina ni zuri, lakini kisiwa chenyewe kilifanywa kwa takataka za mji zilizomwagwa baharini. Katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1976 imewekwa meli moja ya mbao ya uvuvi, yenye urefu wa mita 30 hivi, iliyoundwa mwaka 1947. Jina lake ni Daigo Fukuryu Maru, yaani Joka la Bahati la Tano.

Tarehe 1 Machi 1954 meli hiyo ilikuwa ikivua jodari umbali wa kilomita 160 kutoka kisiwa cha Bikini, nje ya eneo ambalo Marekani ilikuwa imelitangaza kuwa la hatari. Kabla ya mapambazuko wavuvi 23 waliona mwanga mkubwa upande wa magharibi, kana kwamba jua limekosea njia. Lilikuwa bomu la haidrojeni, lenye nguvu mara elfu moja hivi ya lile la Hiroshima. Baada ya muda jivu jeupe likaanza kuwanyea. Nalo lilikuwa matumbawe ya kisiwa yaliyosagwa na bomu. Wavuvi waliendelea kukusanya kamba zao za kuvulia, jivu likiwaingia machoni na mdomoni. Ngozi zao ziliungua na nywele zao zikanyonyoka. Tarehe 23 Septemba mwaka huo Aikichi Kuboyama, mtu wa simu ya upepo, alifariki akiwa na umri wa miaka 40.

Hofu iliingia majikoni, kwa kuwa meli nyingine nyingi zilileta jodari wenye sumu ya mionzi. Wanawake wa mtaa wa Suginami wakaanza kukusanya sahihi za kupinga mabomu hayo, na kufikia mwaka 1955 sahihi zilikuwa zimepita milioni 30 nchini kote. Kutokana na vuguvugu hilo, mwaka 1956 wahanga wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki waliunda umoja wao, Nihon Hidankyo, ambao ulitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024.

Meli yenyewe ilibadilishwa jina ikatumika kufundishia mabaharia, na mwaka 1967 ikauzwa kama chakavu. Injini yake iling'olewa, na gamba lake likaachwa lioze katika jaa la Yumenoshima. Mwaka uliofuata kijana mmoja aliandika barua gazetini akiwaomba watu wasiiache ipotee. Wananchi wakachanga, wakaizibua maji, wakaisafisha na kuilinda mpaka ikajengewa ukumbi. Injini nayo, iliyokuwa imezama na meli nyingine mwaka 1968, iliopolewa baharini mwaka 1996, na sasa ipo nje ya ukumbi huo, imeliwa na kutu.

Mgeni akumbuke kwamba nyingi za nyumba hizi hufungwa Jumatatu, na ya Meguro hufungwa Jumanne pia. Kuingia kwenye ukumbi wa meli ni bure. Akisimama chini ya omo la chombo hicho, ataona mbao zilizochakaa, rangi iliyobanduka, na misumari iliyokula kutu, vitu ambavyo mahali pengine vingekuwa kuni zamani. Kandokando yake hupita watoto wa shule wakiwa wameshikana mikono, mwalimu wao akiwasomea majina ya wavuvi.