Michezo 121

Leo naomba niweke kando habari za seva na hifadhidata, nizungumzie mchezo ambao wengi wetu hapa Kenya hatuufuati: besiboli. Najua kuna watakaouliza, besiboli tena jamani? Vumilieni kidogo. Kompyuta zitaingia baadaye, maana kwangu mimi njia zote huishia huko.

Timu yenyewe ni Chicago White Sox, na msimu ni wa 2024. Walicheza michezo 162, wakashinda 41 na kushindwa 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyopoteza michezo mingi hivyo katika msimu mmoja. Rekodi ya awali, michezo 120, ilikuwa ya New York Mets wa 1962, na wale angalau walikuwa na kisingizio: timu yao ndiyo kwanza ilikuwa imeanzishwa. White Sox ni klabu kongwe. Walikuwa mabingwa 2005, na mwaka 2021, miaka mitatu tu kabla ya balaa hili, waliongoza kundi lao kwa ushindi 93.

Nilianza kuwafuata kwa sababu ya kazi. Mwaka huo kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi Nairobi ilikuwa inatunza programu ya mteja mmoja wa Chicago, nami nilikuwa zamu ya usiku. Wakati wa kiangazi wenzetu wa Chicago wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo mchezo unaoanza saa moja jioni kwao huwa ni saa tisa usiku kwetu. Mwenzangu wa upande ule, shabiki wa White Sox tangu utotoni, alikuwa akinitumia matokeo katikati ya ripoti za kazi. "Seva iko sawa. Tumepigwa tena." Kila usiku hivyo hivyo. Mwishowe nikawa nauliza matokeo kabla ya kuuliza habari za seva.

Kwa asiyeujua mchezo huu, fikiria kriketi: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na alama ni mikimbio. Tofauti kubwa ni kwamba timu za besiboli hucheza karibu kila siku kwa miezi sita. Kwa wingi huo wa michezo, hata timu bora hupigwa mara nyingi. Los Angeles Dodgers, mabingwa wa 2024, walipoteza michezo 64. Na timu mbovu nayo huokota ushindi wake hapa na pale. Ndiyo maana kushindwa mara 121 si jambo la kawaida.

Kibaya zaidi kilikuja Julai. Kuanzia tarehe 10 Julai hadi 5 Agosti walipoteza michezo 21 mfululizo, wakafikia rekodi ya American League iliyowekwa na Baltimore Orioles mwaka 1988. Tarehe 6 Agosti wakashinda 5–1 kule Oakland. Siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol akafutwa kazi, na Grady Sizemore, mchezaji wa zamani, akashika usukani kwa muda. Maneno yaliyozunguka wakati huo mnaweza kuyakisia: wachezaji wamekata tamaa, hawajitumi, wanangoja mshahara tu.

Maneno hayo niliyajua vizuri, kwa sababu tulikuwa tunaambiwa hayo hayo kazini. Mwanzoni mwa mwaka wakubwa walikuwa wamepunguza watu, timu yetu ya watu tisa ikabaki na wanne. Kufikia Julai kila wiki ilikuwa na hitilafu mpya, malalamiko mapya, tarehe nyingine iliyopita kabla kazi haijakamilika. Tukaitwa mkutanoni na kuonyeshwa orodha ya wiki mbaya, moja baada ya nyingine. Wiki saba mfululizo, tukaambiwa. Hiyo si bahati mbaya, mmelala.

Mimi ni mtu wa programu. Nikiambiwa jambo la namna hiyo nataka kulipima. Je, mfululizo mrefu wa kushindwa ni ushahidi kwamba watu wameacha kujituma? Takwimu za kampuni zilikuwa chache mno, lakini za besiboli ziko tele. Kuna shirika linaloitwa Retrosheet, lilianzishwa 1989, ambalo watu wake wa kujitolea hukusanya kumbukumbu za michezo na kuziweka kwenye wavuti bure. Ni faili za maandishi ya kawaida zilizotenganishwa kwa mkato, mstari mmoja kwa kila mchezo. Nilipakua faili ya 2024 msimu ulipokwisha, nikaandika skripti fupi.

Jambo la kwanza nililopima ni ubovu wenyewe. White Sox walipata mikimbio 507 msimu mzima na kufungwa 813. Kuna kanuni ya zamani ya Bill James, mtu aliyefundisha wengi kuutazama mchezo huu kwa hesabu: chukua mikimbio uliyopata, izidishe kwa yenyewe, kisha uigawe kwa jumla ya hiyo na ya wapinzani iliyozidishwa vivyo hivyo. Jibu ni sehemu ya michezo ambayo ungetarajia kushinda. Kwa White Sox inatoka ushindi kama 45. Wao walipata 41. Kwa hiyo bahati mbaya iliwanyima ushindi kama minne. Mengine yote ni kwamba timu ilikuwa dhaifu kweli kweli.

Jambo la pili lilinigusa zaidi. Nilitengeneza timu ya kubuni ambayo kila siku ina nafasi moja kati ya nne ya kushinda, karibu sawa na White Sox. Haina hasira, haina uchovu, haikati tamaa. Kisha nikaichezesha misimu maelfu kwa maelfu ndani ya kompyuta. Takriban msimu mmoja kati ya kumi na miwili ulikuwa na mkosi wa michezo 21 mfululizo au zaidi. Tafakari hilo. Ndani ya skripti yangu hakuna mchezaji anayeweza kulala, kuna namba za bahati nasibu tu, na bado mkosi ule unatokea. Udhaifu wa timu unatosha kuuleta, bila mtu yeyote kulegea.

Na udhaifu huo uliamuliwa juu, ofisini. Mrushaji wao mzuri, Dylan Cease, alipelekwa San Diego katikati ya Machi, kama wiki mbili kabla ya msimu. Tarehe 25 Julai, wenzake wa zamani wakiwa katikati ya mkosi wao, Cease alirusha mchezo mzima dhidi ya Washington bila mpinzani kupata pigo hata moja halali. Mwisho wa Julai, White Sox waliwatoa Erick Fedde, Tommy Pham na Michael Kopech katika mapatano ya timu tatu. Kopech alimaliza mwaka akiwa bingwa na Dodgers. Aliyebaki, Garrett Crochet, aliwatoa wapigaji 209 kwa kukosa mpira katika vipindi 146, kazi ya hali ya juu, na bado kwenye daftari akaandikiwa ushindi 6 na kushindwa 12. Desemba naye akapelekwa Boston.

Hapa kwetu timu ya namna hiyo ingeshushwa daraja. Marekani hakuna kushuka. Kwa kawaida timu mbovu hupozwa kwa nafasi nzuri ya kuchagua vijana chipukizi, lakini hata hilo White Sox hawakulipata. Kanuni inazuia klabu za miji mikubwa kama yao kuingia kwenye bahati nasibu ya nafasi za juu miaka miwili mfululizo, na wao walikuwa wameshachagua wa tano mwaka 2024. Basi mwaka 2025 timu iliyopoteza kuliko zote ikachagua ya kumi.

Sasa tazameni wiki ya mwisho. Tarehe 22 Septemba wamefungwa San Diego, ni mara ya 120, wamewafikia Mets. Wanarudi nyumbani ambako mashabiki wanampigia kelele mmiliki, Jerry Reinsdorf, auze timu. Hakuna wanachoshindania tena. Wanawapiga Los Angeles Angels michezo mitatu yote. Tarehe 27 wanafungwa 4–1 na Detroit, na rekodi inaandikwa, usiku ule ule ambao ushindi huo unawaingiza Detroit kwenye mchujo wa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 2014. Kesho yake wanawafunga hao hao Detroit, na keshokutwa tena. Michezo sita ya mwisho: ushindi mitano.

Detroit wenyewe walikuwa wamepita njia hiyo. Mwaka 2003 walipoteza michezo 119, na wao pia walishinda mitano kati ya sita ya mwisho wakaiepuka rekodi ya Mets. Mwaka 2006 walikuwa fainali. Sisemi White Sox watafanya hivyo. Mwaka 2025 walishinda 60 na kupoteza 102, bado ni kipigo, ingawa ni ushindi 19 zaidi.

Grafu yangu niliipeleka kazini Oktoba. Meneja aliitazama, akasema besiboli ni besiboli na biashara ni biashara. Mkataba wa Chicago ulikufa Desemba kama tulivyotarajia. Lakini miezi ile miwili iliyobaki sisi wanne tuliziba hitilafu tatu zilizokuwa zimetusumbua tangu mwaka uliotangulia, tukaandika maelezo ya mfumo mzima toka mwanzo hadi mwisho, na tukawakabidhi wenye kuupokea ukiwa safi kuliko tulivyoupokea sisi. Hakuna ripoti ya kampuni iliyolitaja hilo. Mwenzangu wa Chicago alilitaja. Katika ujumbe wake wa mwisho aliandika: "Seva iko sawa. Mitano kati ya sita."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa mkutanoni orodha ya wiki mbaya zilizofuatana, kabla hujakubali kwamba ni uvivu, uliza timu ilikuwa na watu wangapi zilipoanza na nani aliwapunguza. Kisha fanya hesabu. Faili za Retrosheet ziko wazi kwa kila mtu, na skripti yenyewe haizidi mistari thelathini. Jaribu mwenyewe kwa timu nyingine uone mikosi inavyojitokeza. Ukikwama niulize, nitakusaidia.