Nilimwigiza Nisiyemjua

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani hapa Nairobi, nina mke na watoto. Kwa miaka mingi riziki yangu ilitoka kwenye uhusika mmoja: shoga wa kuchekesha. Nililegeza kiganja, nikabana sauti, nikatembea kwa madaha hadi safu ya mbele na kumkalia mzee wa watu mapajani. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nilijiambia sina chuki na mtu, natafuta unga tu.

Gauni langu lilishonwa na fundi wetu wa maleba, kijana mpole ambaye jina lake silitaji. Kila usiku alinifunga zipu mgongoni, kisha akasimama nyuma ya pazia. Sikuwahi kujiuliza kwa nini yeye hacheki.

Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku nchini, mwaka uleule ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes. Septemba, Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku saba, kwa watu wazima. Nilikwenda kwa umbea. Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva waliigiza wasichana wawili wanaopendana mtaani, kwa haya na wasiwasi. Nilingoja mahali pa kucheka, sikupaona. Nikatambua kwamba miaka yote ile sikuwa nimeigiza mtu. Niliigiza kiuno.

Hata hivyo sikuacha. Michezo ile ilikuwa ikilipa, na karo ilinidai. Nilivaa gauni lilelile, ila sasa vicheko vilinichoma.

Baadaye nikapewa uhusika wa mwalimu anayempenda mwanamume mwenzake, bila mzaha. Kila mazoezi kiganja kililegea chenyewe, na mwelekezi akanisimamisha. Nilipokwenda kupimwa koti, nikamlalamikia yule fundi. Alikuwa anashona kifungo. Akakimaliza, akakata uzi kwa meno, akasema: "Kaka, mikono yako itulize. Sisi mikono yetu tunaichunga kuliko mtu yeyote."

Ndivyo nilivyojua. Nilikosa la kusema, hata radhi sikuomba. Yeye akaendelea kunifundisha: namna anavyoacha kiti kimoja wazi kati yake na mpenzi wake kwenye matatu, namna anavyotupia mlango jicho kabla ya kucheka. Hakunidai chochote kwa usiku wote ule aliosimama nyuma ya pazia. Radhi niliiomba baadaye sana, nikakuta alikwishanisamehe.

Tom Hanks, aliyepata Oscar kwa kumwigiza shoga mwenye UKIMWI katika Philadelphia ya 1993, alisema mwaka 2022 kwamba leo mwanamume kama yeye, asiye shoga, hangepewa uhusika huo, na kwamba ni haki. Kwetu ni vigumu zaidi. Sheria inatishia kifungo cha hadi miaka 14, na fundi wangu hawezi kupanda jukwaani aseme hadithi hii ni yake. Mimi mchezo ukiisha narudi kwa mke wangu, nimepigiwa makofi. Kwa hiyo uhusika ule nimeushika kama amana ya mtu.

Ndugu yangu, kama kicheko cha namna hiyo ndicho kinachokulisha, sikuhukumu. Njaa naijua, na hadi leo kazi za gauni nazikataa kwa shida. Ila usifikiri kwamba unayemwigiza yuko mbali. Huenda ndiye anayekufunga zipu.