Kilima cha Rubaya na Sala Isiyo na Maneno

Msafiri atokaye Goma kwenda Masisi hufuata kwanza njia iliyo karibu na Ziwa Kivu, katika nchi ya mawe meusi yaliyotapikwa na volkano. Akifika Sake, mwendo wa kilometa 25 hivi, huliacha ziwa na kuanza kupanda kuelekea Mushaki. Hapo macho hupumzika: milima ya kijani imefuatana kama mawimbi, ng'ombe wanalisha miteremkoni, na hewa ni ya baridi. Lakini akiendelea mpaka machimbo ya Rubaya, sura ya nchi hubadilika. Majani yametoweka, udongo wa kilima umeachwa wazi, nao umetobolewa mashimo mengi.

Ndani ya mashimo hayo mna koltani, mawe meusi mazito yatoayo metali itumikayo katika simu na kompyuta. Hukadiriwa kwamba asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia nzima imetoka hapa. Lakini wanaoitoa ardhini huichimba kwa mikono, huibeba kwa magunia na kuiosha kwa maji, kwa ujira wa dola chache kwa siku. Mwezi wa Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka mji huo, na uchimbaji ukaendelea.

Mwishoni mwa Januari 2026, wakati wa mvua, sehemu ya machimbo iliporomoka. Habari zilizotoka huko zilisema kwamba watu zaidi ya 200 walikufa: wachimbaji, watoto, na wanawake waliokuwa wakifanya biashara zao papo hapo.

Basi tufikiri juu ya mama ambaye mwanawe amefunikwa na udongo namna hiyo. Hana maiti ya kuosha, wala kaburi la kusimikia msalaba. Jioni apiga magoti kama alivyozoea, na midomo haifunguki. Hata Baba Yetu, aliyoijua tangu utoto, yamkwama kooni. Je, imani yake imekufa?

Wengi wetu hudhani kwamba sala ni maneno, na kwamba mwenye maneno mengi ndiye aliye karibu na Mungu. Maandiko Matakatifu hayatufundishi hivyo. Mtume Paulo aliwaeleza Wakristo wa Roma kwamba sisi hatujui kuomba ipasavyo, na kwamba Roho Mtakatifu mwenyewe huchukua kuugua kwetu na kukufikisha kwa Mungu. Hana, mama yake Samweli, alisali hekaluni bila kutoa sauti, hata kuhani Eli akadhani kwamba amelewa. Lakini Mungu alimsikia. Zaburi ya 88 huisha gizani, bila neno la faraja mwishoni. Hata hivyo Kanisa halikuitupa. Huisali kila Ijumaa usiku, siku aliyokufa Bwana. Naye Bwana mwenyewe alikata roho kwa kilio kikubwa, ambacho Mwinjili Marko hakukiandikia maneno.

Kumbe yule mama aliyepiga magoti kimya amekwisha kusali. Kupiga kwake magoti ni sala. Machozi yake ni sala. Mtoto mchanga hajui kusema, lakini mama yake hutambua kilio cha njaa na kilio cha maumivu. Je, aliyewaumba akina mama atashindwa kuwatambua wanawe?

Nasi tuendao kwenye matanga tujifunze jambo. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno, na hapo walikuwa wafariji wa kweli. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa na kutaka kumweleza sababu ya mateso yake. Tusiwe wepesi kumwambia aliyefiwa kwamba Mungu amependa hivyo. Tukae naye, tumtekee maji, tumwashie moto. Usiku tufanye ishara ya msalaba pamoja naye, na kama ni jina la Yesu tu litokalo kinywani, latosha.

Wala kumtumaini Mungu si kukunja mikono. Mashimo yachimbwayo bila nguzo za kutosha, na udongo ulioloweshwa na mvua, huua watu. Na jambo hilo wanadamu waweza kulizuia. Wenye amri na wenye kununua madini wana la kujibu. Lakini yule mama asingoje mpaka majibu hayo yapatikane ndipo asali. Akae mbele ya Mungu na ukimya wake, bila haya. Maneno yatarudi siku yake. Na yakikawia, Mungu hakawii kusikia.