Kivuko cha Magogoni na haki ya jirani

Swala ya Alfajiri inapomalizika katika msikiti wa mtaa wetu, Mjimwema, Kigamboni, mbingu huwa imeanza kuwa nyeupe upande wa bahari, na upande wa bara bado kuna giza. Kwa miaka kadhaa sisi majirani watatu, tuliosimama bega kwa bega katika safu moja, tulikuwa tukitoa salamu, tukipeana mikono, kisha kila mmoja akaingia katika gari lake. Magari matatu yaliandamana njia moja, yakavuka Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016, yakakwama pamoja Kurasini nyuma ya malori ya makontena, hatimaye yakafika mjini yakiwa na viti kumi na viwili vitupu. Hatukuona ajabu yoyote katika hilo.

Siku moja gari la mmoja wetu likawa kwa fundi. Akapanda daladala hadi Feri, akalipa shilingi 200, akaingia bandani kungoja kivuko pamoja na umati wa asubuhi: wanafunzi waliovaa sare, kina mama wenye ndoo wanaokwenda kununua samaki ng'ambo, mafundi na mikoba ya zana, vijana na baiskeli zao. Lango lilipofunguliwa, wote wakateremka kama maji. Katika benchi la kivuko akamkuta jirani yetu wa tatu, msahafu mdogo mkononi.

"Jirani, nawe gari lako liko kwa fundi?"

"Nililiuza. Huu ni mwezi wa tatu."

Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo, akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Miezi mitatu tuliswali naye safu moja, nasi hatukujua. Alipoulizwa kwa nini hakutuambia, alijibu kwa upole: "Ningewaambia saa ngapi? Nyinyi mkishatoa salamu, kinachofuata ni muungurumo wa injini."

Neno lile lilitutia haya. Jibrili alimhusia Mtume wetu (s.a.w.) haki ya jirani hata akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika mirathi. Na katika aya ya 36 ya Suratun-Nisaa, miongoni mwa wanaostahiki wema wetu, baada ya jirani wa karibu na jirani wa mbali, ametajwa rafiki aliye ubavuni. Baadhi ya wafasiri wamesema kuwa huyo ni mwenzako wa safari. Sisi ubavu wetu ulikuwa kiti kitupu.

Tangu hapo tunavuka pamoja. Safari ya majini ni ya dakika chache tu, lakini haina haraka. Mlango ule wa bahari ndio mlango wa bandari, na meli kubwa ya mizigo inapoingia, kivuko hungoja ipite. Hapo umati wote hunyamaza kidogo na kuitazama. Mbele yetu huonekana minara ya makanisa ya kale ya mjini na maghorofa ya Posta. Tukishuka Magogoni hupokewa na harufu ya soko la samaki na kelele za mnada, kisha tunatembea kandokando ya bahari hadi makazini, huku tukizungumza.

Hatusemi kwamba njia hii haina taabu. Asubuhi watu hubanana, na siku ya mvua nguo huloa. Hata hivyo fedha za mafuta na za kuegesha gari zimebaki mifukoni, miguu imepata mazoezi, na tunarudi nyumbani bila ile hasira ya foleni ambayo zamani iliwaangukia watoto wetu. Wake zetu nao, waliokuwa wakisalimiana kwa mbali tu, sasa wanapikiana.

Magari mawili yaliyobaki hatukuyauza. Siku tatu kwa wiki, kwa zamu, moja kati ya hayo hupita darajani likiwa limembeba mgonjwa, mumewe na yeyote mwenye safari ya upande huo. Siku hizo hatulalamikii foleni, kwani ndani ya gari kuna mazungumzo, na mara nyingine kuna usingizi wa mgonjwa ambao hatutaki kuukatiza.

Wengi wetu tunaishi mtaa mmoja, tunaswali msikiti mmoja na kufanya kazi mji mmoja. Basi, ndugu msomaji, kesho baada ya Alfajiri, kabla hujawasha injini, mtazame aliyeswali kando yako. Muulize anaelekea wapi. Kisha muulize hali ya nyumbani kwake, na umpe muda wa kujibu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye jirani yetu na wagonjwa wote. Amin.