Kabla ya Kunyamaza, Tusemezane

Ndugu zangu wa Katubuka, mwakeye!

Mama, shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama nyote, mliopo karibu na uwanja wa ndege na mliopo kando ya bwawa. Huku Liverpool sijambo, kazi ya kuhudumia wazee inaendelea. Safari hii naandika mapema kwa sababu Ijumaa ijayo naingia mafungo, na kwa siku 8 hamtanipata kwenye simu.

Mafungo mnayajua. Parokiani tulizoea yale ya Kwaresima: padre anahubiri, tunaungama, tunaimba, jioni tumerudi nyumbani kupika. Haya ninayokwenda ni ya kimya. Yanafanyika St Beuno's, nyumba ya Wajesuiti kaskazini mwa Wales, kwenye mteremko unaotazama bonde. Unapanda treni hadi Rhyl, kisha teksi. Ilifunguliwa mwaka 1848 kwa ajili ya wanafunzi wa teolojia. Leo ni nyumba ya mafungo. Watu hula meza moja bila kusemezana. Unazungumza mara moja kwa siku na mwongozaji wako, muda usiozidi saa moja. Saa zilizobaki ni Misa, sala, kutembea, na kutafakari Maandiko machache uliyopewa.

Njia hii ilianza na askari. Ignasi wa Loyola alivunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona mwaka 1521. Mwaka uliofuata akajitenga Manresa, Hispania, akawa anaandika yanayopita moyoni mwake. Maandishi hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Mazoezi kamili huchukua siku 30. Hizi zangu 8 ni kipande. Wala si jambo geni kwetu. Wamisionari wa White Fathers waliofika Ujiji Januari 1879 walilelewa katika mazoezi hayohayo. Waliotuletea Misa ufukweni mwa Tanganyika walikuwa wamepita kwanza katika kimya hicho.

Basi nikaanza kujiandaa. Nimenunua koti la mvua na viatu vya kutembelea milimani. Wenye uzoefu wamenishauri nifike nimelala vya kutosha, nisibebe rundo la vitabu. Wanasisitiza pia kwamba aliyefiwa karibuni, au anayetumia dawa za maradhi ya akili, aseme mapema, maana kimya kirefu huamsha mengi na si kila mtu yuko tayari kwa hayo.

Kubwa zaidi ni simu. Kwa wiki mbili sasa naizima saa 2 usiku. Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha, nikafumba macho nisali. Kilichonijia ni ujumbe wa sauti wa mdogo wangu, ule wa maji ya bwawa kuingia uani. Ulikuwa wa dakika 3. Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anachota maji kwa ndoo, anamwaga, anachota tena. Siku ileile nilimtumia pesa, lakini sikumpigia. Nilidhani pesa imeshasema.

Hapo nikamkumbuka mzee jirani yetu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akikaa itikafu msikitini kila kumi la mwisho la Ramadhani. Siku ya kuingia, kabla jua halijazama, alipita nyumba hadi nyumba, mkeka kwapani, hata kwetu Wakristo. Alisimama mlangoni akasema: kama nina deni lako niambie, kama nimekukosea nisamehe. Mama, wewe ulimjibu, "Hatuna neno, mzee." Ndipo akashika njia ya msikitini. Utotoni nilidhani anasafiri. Sasa naelewa kwamba alikuwa anasafisha njia, asiende kukaa mbele ya Mungu huku anadaiwa na jirani.

Hata ziwa letu limetufundisha kujiandaa kabla ya kupumzika. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Mlilalamika, na mlikuwa na haki, maana sufuria haingoji. Dada alivuka miezi ile kwa sababu alikuwa ameanika dagaa mapema, gunia liko ndani. Mapumziko yasiyoandaliwa hugeuka njaa.

Mimi nami naanika dagaa wangu. Jumapili nimempigia mdogo wangu, tumezungumza karibu saa mbili, akanieleza habari ya yale maji ya uani tangu mwanzo. Nimempigia shangazi, ambaye hatukuwa tumesemezana kwa muda mrefu. Ada ya watoto nimeituma kabla ya wakati, asirudishwe mtu shuleni. Dada nimempa namba ya nyumba ya mafungo. Likitokea la dharura, yeye atapiga.

Wengine ambao sijawafikia, nawaomba: kama nimekukwaza, au kuna neno umelishikilia, nipigie kabla ya Ijumaa. Usilihifadhi kwa kunihurumia eti kwa kuwa niko mbali. Na Mama, ukipiga ukaambiwa namba haipatikani, usihangaike. Simu iko kwenye droo, mimi nipo salama, nawaombea mmoja mmoja kwa jina. Nikishatoka mafungoni, nitapiga Jumapili jioni.

Wenu,
Liverpool